Vichwa Saba vya Uso Mmoja

Jumamosi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita. Mawingu yalitanda tangu alfajiri na upepo ulikuwa wa baridi, lakini mvua haikudondoka hata tone. Siku ya namna hiyo rangi ya mafuta huchelewa kukauka, na mchora mabango waliyemwita Brashi alifika kanisani kabla ya watu wote ili aiguse kwa ncha ya kidole, pale pembeni pasipoonekana, ajue kama imeshika. Ilikuwa imeshika. Akalirudisha shuka kubwa lililofunika ukuta, akaketi benchi la nyuma kusubiri sifa.

Heri hilo lisemwe mapema, maana ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Aliketi kusubiri sifa.

Saluni, duka la dawa, kinyozi na shule ya chekechea ya mtaa ule zote zilisomeka kwa mkono wake. Sura ya mama yake hakuikumbuka. Aliyemlea ni dada yake mkubwa, na dada huyo alipoolewa, alikwenda kwa mumewe na mdogo wake amemshika mkono, mke pamoja na mzigo wake. Mume, fundi kufuli, hakuuliza kitu. Alimwekea mtoto kitanda karibu na dirisha. Siku moja alipomkuta anachora ukutani kwa mkaa, hakumchapa; alimletea kopo la rangi iliyobaki kwa jirani, akamwambia kama ni lazima auchafue ukuta, basi auchafue vizuri.

Shemeji huyo watu walimwita Bwana Kufuli, kwa kazi yake na pia kwa ukimya wake. Walisema hata mdomo wake una kitasa. Kope la jicho lake la kulia lilikuwa limelala tangu utotoni, meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya, na katikati ya kidevu palikuwa na kishimo. Ukimwona mara moja humsahau.

Mwaka uliotangulia, tajiri mmoja mwenye nyumba nyingi alimwita fundi huyo abadilishe vitasa vya wapangaji wakiwa kazini, ili wakirudi wakute wamefungiwa nje, bila hati ya mahakama wala taarifa. Bwana Kufuli akaikagua milango, akaona nguo za watoto zimeanikwa uani, akarudisha zana zake mkobani. Alisema kazi ile haiwezi. Tajiri hakugombana naye. Alipitisha neno tu, na nyumba zake zote, na za rafiki zake, na ofisi walizozoeana nazo, zikapata fundi mwingine. Bwana Kufuli akabakiwa na wapita njia waliovunja funguo zao.

Habari hiyo ilimfikia Mwalimu. Huyu alikuwa mama aliyestaafu kufundisha shule ya msingi, na sasa Jumamosi alifundisha darasa la watu wazima kanisani. Alikwenda kibandani kuchongesha ufunguo, akamwambia fundi kwamba darasa linaanza kusoma kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu kama yeye. Dada alikuwa amemwomba mumewe miaka na miaka aje kanisani, akaishia kujibiwa kwa tabasamu. Sasa mume akaja, akakaa nyuma karibu na mlango. Juma lililofuata akaja tena. Mwishowe akasema mwenyewe, bila kuombwa, kwamba ndoa yao waliyoifunga serikalini naye angependa ibarikiwe. Siku ikapangwa kuwa Jumapili ya tarehe kumi na tano. Dada alishona gauni.

Kitabu chenyewe kilikuwa kile cha mwisho cha Maandiko, chenye maono na wanyama, ambacho wengi hukiogopa na wengine hukichezea kama bahati nasibu, wakikisia mwaka wa mwisho wa dunia na jina la mkubwa fulani wasiyempenda. Mwalimu alitaka wasome kwa utulivu. Alimwomba Brashi achore ukuta mzima wa kushoto: kisiwa na mtu anayeandika, nyumba saba ndogo zenye taa saba, na mnyama anayetoka baharini. Alisema watu wakiona jambo zima kwa mpangilio, hofu itawatoka.

Brashi akaja darasani kusikiliza. Alikaa mbele na penseli. Aliuliza mnyama ana vichwa vingapi, akajibiwa saba. Pembe ngapi, akajibiwa kumi. Rangi gani, miguu ya namna gani, bahari iwe imechafuka au imetulia. Mwalimu alimjibu yote, kisha akaanza kueleza kitabu kiliandikwa lini, na nani, na kwa nani, na kwa sababu gani. Hapo Brashi alikuwa anachonga penseli. Ndivyo walivyo wachora mabango. Ukimwambia andika "Hapa tunauza maziwa", atakuuliza herufi ziwe kubwa kiasi gani. Maziwa ni ya nani na nani atayanywa, hilo si lake.

Sasa hapo katikati palikuwa na kinyongo, na kinyongo chenyewe ni cha kitoto mno hata kukiandika ni aibu. Miezi michache nyuma, Brashi alimchorea shemeji yake bango jipya la kibanda, zawadi. Bwana Kufuli akalitazama mbele ya wateja, akalitazama tena, akasema, "Shemeji, herufi hizi zinatembea kama walevi wanaotafuta mlango." Wateja wakacheka hadi wakashika mbavu. Na kwa kuwa mtu mkimya akitoa mzaha mmoja mtaa mzima huuhifadhi, kwa majuma kadhaa Brashi alisalimiwa, "Walevi wako hawajambo?" Bango lile shemeji alilitundika siku ile ile, akalifuta vumbi kila asubuhi. Brashi hilo hakulihesabu. Alihesabu kicheko.

Ikafika zamu ya mnyama. Desturi ya wachora mabango ni kwamba kitu kinachojirudia hakichorwi mara nyingi. Unachora kimoja kwenye kadibodi, unakikata kwa wembe, unakibandika ukutani na kupaka juu yake, mara nyingi upendavyo. Vichwa saba, basi kadibodi moja. Akaketi nyuma ya lile shuka lake, maana hakupenda kutazamwa kazi ikiwa haijaisha, akatafuta uso. Alijaribu wa simba, ukawa kama paka. Alijaribu wa joka, ukawa kama mjusi. Asubuhi ile ile mtu alikuwa amemuuliza hali ya walevi. Mkono ukachora kope lililolala. Akatazama, akacheka peke yake. Mkono ukaongeza mwanya. Akajiambia ni mzaha wa kwenye kadibodi tu, atakata mwingine. Kisha akaona jinsi ulivyotoka vizuri, uso hai, wenye chuki, kuliko chochote alichopata kuchora, na ufundi ukamshinda ubinadamu. Akaongeza kishimo cha kidevu. Akapaka cha kwanza, cha pili, mpaka vikatimia saba.

Turudi kwenye Jumamosi. Darasa lilijaa, kwa kuwa habari za ukuta zilikuwa zimeenea. Dada aliketi safu ya pili. Mumewe alikuwa benchi la karibu na mlango. Mwalimu akamwita Brashi avute shuka mwenyewe, kwa heshima ya kazi yake. Akavuta.

Kwanza palikuwa kimya, ukimya ule mtamu ambao mchoraji huishi kwa ajili yake. Kisiwa kilipendeza. Taa zilipendeza. Macho ya watu yakasogea kulia, yakafika baharini. Mama mmoja mshona nguo, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, akasema kwa sauti ya kawaida, "He. Mbona huyu kama baba wa kwa funguo?"

Mtu akakohoa. Mwingine akazuia kicheko puani, kikatoka. Kisha benchi moja likashindwa, na la pili, na kicheko kikapita chumbani kama maji yaliyomwagika sakafuni. Wengi hawakucheka kwa ubaya. Uso ule ule, mara saba, wenye mapembe. Nani asingecheka?

Dada hakucheka. Alitazama ukuta, halafu akageuka akamtazama mdogo wake. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

Bwana Kufuli akainuka. Alipita katikati ya mabenchi hadi ukutani, akasimama mbele ya mnyama, akakisogelea kichwa kimoja jinsi anavyokisogelea kitasa asichokijua. Kicheko kikaisha chenyewe.

"Umenipata, shemeji," alisema. "Ila jicho. Linalolala ni la kulia. Hapa umeweka la kushoto."

Ilikuwa kweli. Kadibodi ililowa rangi upande mmoja, Brashi akaigeuza. Bwana Kufuli akamwinamishia Mwalimu kichwa kidogo, kwa adabu, akatoka. Mlango aliurudisha taratibu, kama mtu anayemwacha mgonjwa amelala.

Watu walidhani Mwalimu atafunga darasa. Hakufunga. Alikwenda kusimama pale pale aliposimama fundi, akaanza somo alilokuwa ameliandaa, na safari hii Brashi hakuwa na penseli ya kuchonga.

Alieleza kwamba kitabu hiki ni barua. Kiliandikwa karibu na mwisho wa karne ya kwanza, kama wengi wanavyokubali, na mtu aliyefukuziwa kisiwani kwa sababu ya imani yake. Wengine husema alikuwa mtume, wengine husema alikuwa nabii mwenye jina kama la mtume. Wenye elimu bado wanabishana, akasema, na yeye hatawaamulia. Ila aliowaandikia wanajulikana. Walikuwa vikundi saba vidogo, katika miji saba, chini ya dola la Rumi. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo mmoja alisoma kwa sauti na wengine wakasikiliza, kama sisi hapa. Mafundi walikuwamo. Ili fundi apate kazi ilimbidi ale karamu za chama cha ufundi wake mbele ya sanamu, na mkubwa wa dola alitaka afukiziwe ubani kama mungu. Aliyekataa alinyimwa kazi, alinyimwa soko, wengine waliuawa. Mwandishi hakuweza kulitaja dola waziwazi. Akachukua picha za manabii wa kale, ambazo wasikilizaji wake walizijua toka utoto, akalivika dola umbo la mnyama, wapate kuelewa wao na wasielewe askari.

"Basi mnyama ni nani?" akauliza Mwalimu. "Ni yule mwenye nguvu anayemnyima mnyonge riziki kwa sababu amekataa ubaya. Maono haya aliletewa mnyonge, ajue kwamba mguu uliomkanyaga hautakaa juu yake milele. Kitabu kiliandikwa kumfariji aliyekanyagwa."

Akaongeza kwamba si vikundi vyote saba vilivyofarijiwa. Vingine viliambiwa ukweli mchungu, kwa kuwa vilistarehe, vikajiona vizima, navyo vilikuwa vimeshaanza kula sahani moja na mnyama. Hapo hakumtazama mtu.

Hakukuwa na haja. Brashi alikuwa ameelewa. Fundi aliyekataa. Fundi aliyenyimwa kazi. Katika darasa lile zima mtu mmoja tu aliandikiwa barua ile moja kwa moja, na ni uso wa huyo huyo ambao Brashi alimvika mnyama. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Yeye aliuumba uso wa mwenzake apate kuutia haya mbele za watu.

Watu walipotoka alimfuata Mwalimu, akamwambia ilikuwa bahati mbaya, mkono uliteleza.

"Mkono uliteleza mara saba?" Mwalimu aliuliza. Hakuuliza kwa ukali.

Brashi akaomba basi aachiwe ufunguo wa kanisa jioni, afute peke yake, kesho watu wakute ukuta mweupe na mambo yaishe. Mwalimu akasema hapana. Alisema, "Ulichora nyuma ya shuka. Na kufuta pia unataka iwe nyuma ya shuka?" Kisha akabeba vitabu vyake akaenda zake.

Alasiri Brashi alikwenda kibandani kwa shemeji. Bango lilikuwa limening'inia mahali pake, safi, na kwa mara ya kwanza aliona kweli herufi zilikuwa zimelala upande. Bwana Kufuli alikuwa ameubana ufunguo kwenye jiliwa, anausugua kwa tupa. Alimwonyesha mgeni wake kigoda. Brashi hakukaa. Alianza na mbali, akaeleza habari za kadibodi, na haraka ya kazi, na jinsi mabango yalivyomchosha mwezi ule, na kila neno lilipotoka alilisikia lilivyo jepesi. Akafika kwenye kile kicheko cha walevi, akanyamaza. Kulisema kwa sauti hakuweza. Si kwamba lingekuwa uongo. Udogo wa jambo ndio uliomziba mdomo.

"Nilikosa, shemeji," akasema mwishowe.

Tupa ikaendelea, kisha ikasimama. Bwana Kufuli akapuliza vumbi la shaba.

"Najua ni kwa ajili ya lile bango. Sikuudhika kuchorwa," alisema. "Mimi na wewe tumeishi nyumba moja, unaijua sura yangu, nani mwingine ungemchora. Lakini wale watu walinikaribisha. Yule mama aliniambia kuna kitabu walichoandikiwa waliokataa. Nikasema, kumbe hata sisi tuliandikiwa. Nilikuwa nakuja pale nakaa karibu na mlango, napumua." Akaukagua ufunguo kwenye mwanga. "Kesho siingii. Sina hasira. Ila siwezi kubarikiwa huku nikijitazama."

Brashi akasema atafuta, kesho pataonekana kama hapakuwa na kitu.

"Futa ukitaka. Watakumbuka."

Mlango wa nyuma wa kibanda ulifungukia uani mwa nyumba yao. Dada yake alikuwa pale, anakunja gauni jipya. Lilikuwa la rangi ya maziwa, lina mikono mirefu, amelipiga pasi tayari, na sasa alikuwa analirudisha kwenye mikunjo, pindo juu ya pindo, kama kitu kisichokuwa cha kuvaliwa. Alimwona mdogo wake. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alisema tu, "Ulipokuwa na homa ya utotoni, yeye ndiye aliyekuwa anakubeba. Mimi nilikuwa siwezi, ulikuwa mzito." Akaingia ndani na gauni.

Njiani kurudi Brashi alipata wazo la kuufuta uso ule na kuweka wa kwake mwenyewe, mara saba, wote waone. Wazo lilimpendeza. Aliliona kabisa, pua yake, masharubu yake, watu wakinong'onezana jinsi alivyojinyenyekesha. Akafika mlangoni kwake ndipo akagundua kwamba hata katika kutubu anataka atazamwe. Alimweleza mkewe. Mkewe, anayekata maneno kama anavyokata kitunguu, alimwambia, "Watu wameshachoka na sura, baba watoto. Paka rangi nyeupe."

Jumapili asubuhi alivaa nguo zake za kazi, zile zenye madoa, akaingia kanisani watu wakiwa wameshaketi. Hakungoja ibada iishe. Aliweka ngazi ukutani, kopo la rangi nyeupe chini yake, akageuka akasema kwamba uso ule aliuchora kwa makusudi, kwa hasira ya jambo dogo, na kwamba mtu mwenyewe hajamkosea yeye wala mtu yeyote. Alikuwa ameandaa maneno zaidi lakini hayakuja. Mama mshona nguo aliinamisha macho.

Akapaka. Wachora mabango wote wanajua kwamba rangi nyeupe juu ya nyekundu na nyeusi ya mafuta haifuniki kwa mkono mmoja, yaani kwa kupaka mara moja. Alipofika kichwa cha saba, cha kwanza kilikuwa kimeshajitokeza tena, hafifu, kope na mwanya, kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia. Akashuka, akasogeza ngazi, akaanza upya. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba, watu wakainuka na kukaa, naye muda wote alikuwa juu ya ngazi mgongo ukiwa upande wao, na alitamani hata mmoja acheke. Hakucheka mtu. Kiti cha dada kilikuwa kitupu, na lile benchi la karibu na mlango pia.

Ibada ilipokwisha, mchungaji na Mwalimu hawakusalimiana na watu. Walichukua njia ya kwenda kwa Bwana Kufuli. Walikuwa wamekwishapatana wao wawili kwamba kama mtu haingii penye baraka, baraka haijakatazwa kumfuata. Brashi akawafuata kwa mbali, ameacha kopo wazi na brashi ndani yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

Alisimama nje ya lango. Alisikia viti vikisogezwa uani, sauti ya mchungaji, ya Mwalimu, kisha sauti nzito isiyozoea kusema ikirudia maneno kidogo kidogo. Aliinamisha kichwa, akabaki ametazama miguu yake. Lango likafunguliwa. Alikuwa dada yake, amevaa lile gauni, mikunjo bado inaonekana kifuani. Akamtazama mdogo wake toka juu hadi chini, macho yakaishia kwenye mikono yake yenye rangi.

"Nawa kwanza," alisema, akaacha lango wazi.

Palikuwa na bomba karibu na ukuta. Alinawa kwa maji, akasugua kwa mchanga, akanawa tena. Rangi ya mafuta haitoki kwa maji, na kwenda kutafuta mafuta ya taa angechelewa. Akaingia hivyo hivyo, akasimama nyuma ya wengine, mikono ameificha mgongoni.